Mshitakiwa wa Ishirini ni Marehemu

Kwa aliyekosa kunisoma juma lililopita, habari yangu kwa ufupi ni hii.

Mimi ni Mwanaesha, muuza mahamri na mbaazi wa Majengo. Mume wangu Gunga alikuwa hamali bandarini Kilindini. Mwaka ule wa arubaini na saba, mgomo mkubwa ulipokwisha na ahadi za wakubwa zikabaki ahadi, wanaume kumi na minane walivua shingoni vipande vyao, vile vyeti vya kazi vilivyotiwa mikebeni, wakavitia katika kikapu changu cha mahamri, wakakiweka mlangoni pa ofisi ya serikali, wakaketi chini. Hawakutukana mtu. Hawakurusha jiwe. Walisema tu kwamba hawatavaa tena mkebe shingoni kama mbuzi aliyefungwa njuga, wala hawataondoka pale mpaka wasikilizwe.

Kwanza waliandikiwa kosa la kukataa kuchukua kipande, adhabu yake mwezi mmoja. Kisha kesi ikaingia mikononi mwa mwendesha mashtaka mmoja Mzungu, Bwana Rusk, ikaota pembe. Ikawa njama ya kuiangusha serikali. Nami nikatiwa kizimbani, mshitakiwa wa kumi na tisa, kwa kuwa kikapu kilikuwa changu.

Niliishia pale mjomba wangu Kamaludin aliponichukulia dhamana nikatoka, na mume wangu akabaki ndani.

Leo nitasimulia nililomfanyia. Nilikuwa nimeazimia kuliruka. Nimeshindwa.

* * *

Jumatatu ya kuzuru wafungwa nilifika gerezani mapema. Wale wanaume wengine walikuwa wamewekwa pamoja. Gunga pekee alikuwa na chumba chake, kwa sababu yeye ndiye aliyekibeba kikapu, na kwa sababu alikataa kusema nani aliyewatuma. Alikuwa humo siku ya arubaini na moja.

Askari aliniambia, "Dakika kumi. Na usimpe kitu mkononi."

Gunga alikuwa amesimama ameupa mlango mgongo. Alikuwa akiinama, akikamata kitu nisichokiona, akikitupa begani, akigeuka, akikiweka chini. Kisha tena.

"Gunga, ni mimi."

"Ngoja. Usiniharibie hesabu."

"Hesabu ya nini?"

"Magunia. Hili la mia tatu na kumi na mbili."

Hapakuwa na gunia. Palikuwa na ndoo, jamvi na ukuta.

Nilimwita tena, mara hii kwa sauti ya nyumbani, ile nilimwitayo chakula kikiwa tayari. Akageuka. Macho yalikuwa mekundu na yamerudi ndani, lakini alinitambua. Alikuja akaketi karibu na vyuma.

"Waniuliza kila siku," akasema. "Mkubwa wenu nani? Nikawaambia hatuna mkubwa. Wakasema, fikiri. Nikifumba jicho, wagonga mlango. Fikiri, Gunga. Mwisho nikawapa jina."

Kama kulikuwa na mkubwa, basi ni Crispus, karani wa Kitaita miongoni mwa wale kumi na minane, aliyekuwa na wazo la kuketi chini kwa amani. Kumtaja Crispus kulikuwa kumuua.

"Jina la nani, Gunga?"

"La baba."

"Baba yupi?"

"Baba yangu. Mzee Chirau. Niliwaambia ndiye aliyetutuma. Wakaandika. Wakaniacha nikalala."

Nilitaka kucheka, Mungu anisamehe. Mzee Chirau alikufa kwa homa miaka tisa nyuma, kwao Waa, hata mimi sijaolewa. Nilijiambia, mume wangu ana akili, amewapa mtu wasiyeweza kumfunga.

"Si neno," nikamwambia. "Marehemu hafungwi."

Akanisogelea, akanong'ona:

"Lakini yuwaja, Mwanaesha. Tangu siku ile yuwaja kila siku. Akaa pale ukutani aniuliza, mwanangu, kwani mimi nilikufanya nini hata ukanitaja?"

Askari akasema dakika zimekwisha. Nilipokuwa nikiondoka nilisikia nyuma yangu, "Mia tatu na kumi na tatu."

* * *

Wakili wetu alikuwa Mhindi mmoja, Bwana Jethabhai, mtu mwembamba aliyeichukua kesi kwa imani tu. Nilimkuta ana karatasi mpya ya mashtaka.

"Bibi," akasema, "nani huyu Chirau?"

"Marehemu baba mkwe wangu."

"Marehemu?"

Akaicheka karatasi ile mpaka akavua miwani. Kisha kicheko kikamkauka.

"Hapa pameandikwa, mshitakiwa wa ishirini, Chirau, kiongozi wa njama, ametoroka, anatafutwa. Bibi, wajua maana yake? Bila kiongozi, hawa ni watu walioketi chini. Wakiwa na kiongozi aliyejificha, hii ni njama. Mumeo amempa Rusk kile kitu alichokosa."

"Basi tuseme amekufa. Kwisha."

"Tukisema amekufa, Rusk atauliza, kwa nini mtu mwenye akili zake asingizie maiti? Jibu ni moja kati ya mawili. Ama ni muongo, na aongezewe miaka. Ama ni mwehu, na apelekwe bara, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Huko hakuna miaka. Huko ni mpaka watakaposema amepona."

"Na tukinyamaza?"

"Mtafungwa wote kumi na tisa. Nawe umo."

Nilikwenda Kibokoni kwa mjomba Kamaludin. Alikuwa kibarazani akichonga fremu ya mlango. Hakuacha patasi.

"Nalikwambia, Mwanaesha. Nalikwambia kabla ya ndoa. Sisi si watu wa vipande. Ukaenda kujifunga na mtu wa kipande, leo kipande kimekufunga nawe."

"Sikuja kusutwa, mjomba. Nimekuja kutaka shauri."

"Shauri langu ni moja. Jitoe. Mtu akizama, hatoki kwa kuzama na wewe."

Alisema kwa uchungu, si kwa ubaya. Ndiye pekee wa ukoo wetu aliyekuja kunidhamini, nami sikulisahau hilo. Lakini nilitoka pale bila kumuaga.

Nikampelekea salamu mama mkwe wangu, Bi Mejumaa, aje.

* * *

Alikuja kwa miguu kutoka Waa mpaka kivukoni Likoni, na kutoka kivukoni mpaka Majengo. Mguu mmoja ulikuwa umevimba. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba, akaketi, na neno lake la kwanza likawa:

"Yuwala?"

"Yuwala, mama," nikadanganya.

"Basi atatoka. Mtu alaye hutoka."

Asubuhi yake tukaenda mahakamani. Washitakiwa walipangwa mabenchi mawili, nami mwisho, peke yangu, na buibui langu. Gunga alikuwa katikati. Walimnyoa. Alikaa kimya na mikono juu ya magoti, nikamshukuru Mungu.

Bi Mejumaa aliapishwa kwa msahafu. Bwana Rusk alisimama. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, hakupata kumfokea mtu. Alisema Kizungu, na mkalimani akatutilia Kiswahili.

"Mumeo Chirau yuko wapi?"

"Kaburini, bwana. Waa, nyuma ya msikiti."

"Alikufa lini?"

"Miaka miwili kabla ya vita vya Mutaliani."

"Cheti cha kifo kiko wapi?"

"Cheti?"

"Karatasi ya serikali inayosema amekufa."

"Bwana, mume wangu alikufa Alhamisi, tukamzika Alhamisi. Nani angengoja karatasi? Nilikaa eda miezi minne na siku kumi. Hiyo ndiyo karatasi yangu."

Watu wakaguna. Hakimu akagonga meza.

"Kwa hiyo huna ushahidi," Rusk akasema.

"Waliomchimbia wapo. Watano wamekuja, wako nje hapo."

"Watu wa kijiji kimoja na ukoo mmoja." Akafunua jalada lake. "Sikiliza, mama. Mwanao ametia dole gumba hapa. Asema baba yake alimtuma mwezi wa Machi mwaka huu. Wewe wasema baba huyo amekufa miaka tisa. Hayawi yote mawili. Mmoja kati yenu ni muongo. Ni nani?"

Wakili Jethabhai akaruka, "Napinga swali hilo!" Hakimu akamwambia aketi.

Mama alimtazama mwanawe. Gunga hakumtazama. Alikuwa ameangalia mwisho wa chumba, mlangoni.

Nilimwona yule mama akipima. Hakujua sheria wala hakujua njama, lakini mtego aliuona. Akisema mwanawe ni muongo, amemfunga kwa ulimi wake.

"Mwanangu hasemi uongo," akasema polepole. "Tangu utotoni hasemi. Basi andika, bwana. Muongo ni mimi."

Rusk hakutabasamu hata. Akamgeukia hakimu, akasema naye kwa Kizungu kwa muda mrefu. Mkalimani akatufasiria.

"Serikali yaomba mama huyu ashikwe. Amekiri kwamba amesema uongo baada ya kiapo. Na ikiwa Chirau yu hai, basi yeye ndiye anayemficha."

Askari wawili wakamsogelea. Mama wa umri ule, na mguu wake ule. Hakulia. Alikuwa akiwauliza, "Nije wapi? Nisimame wapi?"

Hapo Gunga akainuka.

Sote tulidhani atapigana. Crispus akamshika shati. Lakini Gunga alikuwa na uso wa mtu aliyepata mgeni. Alijisogeza pembeni ya benchi, akapangusa nafasi kwa kiganja, akainamisha kichwa kuelekea mlangoni.

"Karibu, baba," akasema. "Pana nafasi hapa. Keti, usisimame."

Watu wote waligeuka kutazama. Mlangoni hapakuwa na mtu. Mama aligeuka pia.

Sikujua kama nimesimama. Nilisikia sauti yangu tu.

"Mume wangu ni mgonjwa! Hajui asemalo! Hajui! Mwacheni mama, mume wangu akili zimemruka!"

Nililisema mbele ya wenzake na mbele ya mama yake. Watu wa Mji wa Kale walikuwepo, na wa Majengo pia. Na Gunga, ambaye kutwa nzima hakunitazama, akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu uliyemwamsha njiani ukamwambia amepotea.

Akaketi, akaacha ile nafasi wazi kando yake.

Hakimu alisema mama asishikwe kwa sasa. Mshitakiwa akaonwe na daktari. Kesi imeahirishwa siku kumi.

* * *

Siku ya saba, Ijumaa asubuhi, askari alikuja kuniita. Si mahakamani, ofisini kwa Bwana Rusk.

Nilikuta kiti kimewekwa kwa ajili yangu. Tangu kesi ianze hakuna mtu wa serikali aliyenipa kiti. Nilikiogopa kuliko kizimba.

Mkalimani alikuwa yule yule wa mahakamani, mtu mzima wa Kuze aliyekuwa akiijua jamii yetu. Hakuniangalia usoni.

"Bwana asema pole kwa ugonjwa wa mumeo," akaanza. "Daktari amekwisha kumwona."

"Amesemaje?"

Wakasemezana. "Bwana asema hilo ni jambo la madaktari. Lakini mtu mgonjwa yataka jamaa yake amwombee. Serikali haiwezi kumchukua mtu hivi hivi. Hii hapa ni karatasi ya maombi. Mke aiomba serikali impokee mumewe, imtunze, imtibu."

"Huko bara?"

"Huko bara."

"Kwa muda gani?"

Rusk alilielewa swali kabla halijafasiriwa. Alinyanyua mikono, kama mtu aulizwaye mvua itanyesha lini.

"Na nisipotia saini?"

Mkalimani akafasiri: "Usipotia, basi mumeo ni mzima. Akiwa mzima, maneno yake ni kweli, na Chirau yu hai. Na Chirau akiwa hai, mama mkwe wako atashikwa Jumatatu. Bwana asema gereza la wanawake si mahali pa mwanamke mwenye mguu ule."

Dirishani zilikuwa zasikika baiskeli na mtu akinadi kahawa. Rusk akasema neno jingine, fupi.

"Bwana asema pia, ukitia saini, jina lako litafutwa katika kesi. Wewe utakuwa mke wa mgonjwa. Mke wa mgonjwa hana njama."

Hapa ndipo nilipotaka kuruka, wasomaji wangu.

Kwa miaka nimewaambia watu kwamba nilitia saini kwa ajili ya mama. Nimewaambia kwamba karatasi ilikuwa ya Kizungu na sikuielewa. Kweli ilikuwa ya Kizungu. Lakini niliielewa. Mkalimani alinieleza vya kutosha, na zaidi kwa macho yake aliyoyainamisha.

Na nilikuwa nimechoka. Tangu Jumatatu ile nilimwogopa mume wangu. Nililala nikisikia magunia. Nilikuwa nikijiuliza, akirudi, nitalala naye chumba kimoja? Jina langu lilipotajwa kwamba litafutwa, kitu kifuani kililegea kabla sijamfikiria Bi Mejumaa wala Gunga. Mama nilimkumbuka baadaye, nikamtanguliza ili niwe na sababu nzuri.

Nilimwomba Rusk anipe siku moja nikamuulize wakili. Akasema hapana, Jumatatu ni karibu.

Nikashika kalamu. Sikutia dole gumba. Nilisoma chuo cha Kurani, najua kuandika jina langu kwa herufi za Kiarabu, nami nililiandika vizuri, kutoka kulia kwenda kushoto. Rusk aliigeuza ile karatasi huku na huku akimuuliza mkalimani kama hilo ni jina.

"Ni jina," mkalimani akasema.

Nilipofika mlangoni, yule mtu wa Kuze alinifuata akaniambia kwa sauti ya chini, "Ungengoja, bibi. Laiti ungengoja."

"Ningengoja nini?"

Lakini Rusk akamwita, akarudi ndani.

* * *

Nilijua maana ya maneno yale Jumamosi asubuhi. Bwana Jethabhai mwenyewe alikuja Majengo, na viatu vyake vya ngozi vimejaa tope. Alinikuta nje nikipepeta mbaazi. Mama alikuwa ndani, akiusugua mguu kwa mafuta ya nazi.

"Bibi! Kesi imefutwa!"

"Imefutwa?"

"Yote! Wakubwa wa Nairobi wameliona lile jina la marehemu katika mashtaka, wakaona aibu. Wamemwandikia Rusk aondoe kesi nzima. Njama hakuna, Chirau hakuna. Wote wataachiliwa leo, saa tatu."

Nikaanguka sijida pale pale, kwenye makapi ya mbaazi. Nilipoinua kichwa nilimwona amesimama vile vile, na furaha yake imekatika njiani.

"Wote, bibi, isipokuwa mmoja. Kwa nini ulitia saini?"

Niliushika tena ungo wa mbaazi.

"Amri ya Nairobi ilifika Alhamisi. Unanisikia? Alhamisi. Wewe alikuita Ijumaa. Alipokupa kalamu alikuwa anajua hana kesi."

"Basi alinitakia nini?"

"Alimtaka mwehu." Alivua miwani akaifuta, ikabaki na ukungu vile vile. "Kesi ikifutwa kwa sababu mwendesha mashtaka alimshitaki maiti, wa kulaumiwa ni yeye. Kesi ikifutwa kwa sababu mshitakiwa alikuwa mwehu na aliwadanganya wote, hakuna wa kulaumiwa. Wewe umemwandikia kwamba mumeo ni mwehu. Mke wake mwenyewe. Nani atabisha?"

"Na daktari? Daktari alisemaje?"

Alitoa karatasi mfukoni, akaisoma kwanza kimya, kana kwamba anatumai imebadilika.

"Daktari aliandika kwamba mtu huyu amevunjika kwa kukosa usingizi na kwa kukaa peke yake. Alale. Ale. Awekwe na wenzake au arudishwe kwa jamaa zake. Katika majuma machache huenda akawa sawa. Bara hakulitaja hata mara moja."

Kurudishwa kwa jamaa zake. Yaani kwangu.

"Tuifute," nikasema. "Twende kwa hakimu. Nitasema nilikosa. Nitasema mimi ndiye muongo."

"Mahakama imefungwa mpaka Jumatatu. Na ombi la jamaa haliondolewi kwa mdomo. Kule hakuingiliwi na hakimu, bibi. Mtu hutoka kwa neno la daktari wa kule, naye yuko mbali, na ana wagonjwa wengi." Akatazama saa yake. "Gunga anapakiwa kwenye gari la moshi la leo, saa kumi. Nitajaribu kumpata mtu wa kunisikiliza. Siahidi."

Akaondoka karibu kwa kukimbia, na tope lake.

Mama alitoka akichechemea. "Nimesikia sauti ya wakili. Kuna nini?"

Nikasema, "Kesi imefutwa, mama. Wanatoka leo."

Hiyo ilikuwa kweli. Nikaishia hapo.

* * *

Watu walijaa mbele ya lango la gereza. Wake walikuwepo na watoto, mahamali wa Kilindini, hata watu wa Mji wa Kale waliokuja kutazama tu. Mjomba Kamaludin alisimama kando, kofia yake iliyodariziwa kichwani. Alinipungia mkono. Sikuweza kuurudisha.

Waliwatoa mmoja mmoja. Pale mlangoni palikuwa na meza, na juu ya meza vipande vyao. Kila mtu alipewa chake, akaambiwa akivae shingoni kwanza ndipo avuke. Hakuna aliyekataa. Wangekataaje? Walikuwa wamekonda, na jua lilikuwa laonekana upande wa pili.

Mama alikuwa akihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Nane. Tisa. Kila kichwa kikitokeza alijinyoosha.

Wa kumi na sita alikuwa mzee mmoja wa Rabai aliyekuja akilia.

Wa kumi na saba alikuwa Crispus. Kipande chake alikivaa, kisha baada ya hatua tano akakivua akakifumbata mkononi. Mkewe Wanza alimrukia shingoni.

Nyuma ya Crispus, lango likafungwa.

Mama alitazama vidole vyake. Akavihesabu upya.

"Mwanaesha. Hawa ni kumi na saba. Yu wapi mwanangu?"

Nilifungua mdomo. Nawaapia nilikuwa nimefungua mdomo niseme.

Lakini Crispus alikwisha kutuona, akaja mbio, akamwinamia mama na kumshika mikono miwili.

"Mama, usiwe na wasiwasi. Gunga tuliletewa jana alasiri. Walimtoa chumba cha peke yake wakamleta kwetu, akalala usiku kucha hakuamka hata mara moja. Leo amekunywa chai. Alitutambua sote, mmoja mmoja kwa jina. Akamwuliza yule mzee wa Rabai habari za mguu wake."

"Alhamdulillahi," mama akasema.

"Wamempa shati jipya. Wamemwambia kuna karatasi yake imekuja, mkewe amemwombea." Crispus akanigeukia, na macho yake yalikuwa yamejaa shukrani. "Alifurahi, Mwanaesha. Alituambia, 'Nyinyi mwatoka kwa lango, mimi natoka kwa karatasi. Mke wangu ameniombea niende nyumbani.' Yuko ndani, wanamtayarisha. Nadhani ni kwa sababu ya ugonjwa wanamtoa peke yake, watamleta kwa gari."

Mama akanishika mkono. Akaubusu, juu na kiganjani, mbele ya watu wote, yeye mkubwa wangu, mimi mdogo wake.

"Mungu akulipe, mwanangu," akasema. "Hata mimi mama yake sikujua la kumwombea. Twende zetu, basi. Tukampikie, asije akakuta jiko halina moto."

Ilikuwa saa nne kasorobo. Gari la moshi lilikuwa la saa kumi.

Nilimwegemeza mama begani kwangu kwa ajili ya ule mguu, tukashika njia ya Majengo polepole. Njia nzima aliniuliza mwanawe siku hizi apenda kitoweo gani, nami nikamjibu.